Taarifa za Gari Kwenye Skrini za Dashibodi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari linalohusika katika kisa hiki ni dogo, la petroli, lenye milango mitano, lililonunuliwa baada ya kutumiwa na mtu mwingine, na odometa yake, yaani kihesabu cha jumla ya kilomita, ilisoma kilomita 98,100 siku lilipoletwa kwangu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimepotea zamani. Dashibodi yake ina skrini mbili: moja ndogo iliyo nyuma ya usukani, kati ya kipima mwendo na kipima mizunguko ya injini, na nyingine kubwa ya kugusa iliyo katikati, juu ya vitufe vya kiyoyozi. Mpangilio huu ni wa kawaida, na ndiyo maana kisa chenyewe kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu, kwa sababu kilichomsumbua mwenye gari hili huwasumbua madereva wengi ambao wamezoea kuendesha bila kuhitaji kujua zaidi ya mwendo na geji ya mafuta.

Malalamiko yalikuwa matatu. Taa ya njano ya upepo wa matairi ilikuwa inawaka muda wote ingawa matairi yote manne yalikuwa yamejazwa upepo. Kila gari lilipowashwa, ujumbe wa kwamba servisi imepitwa na wakati ulijitokeza kwa sekunde chache, ilhali muuzaji alikuwa ameapa kwamba oili imebadilishwa na akatoa karatasi ya kuthibitisha. La tatu ndilo lililomtia hofu kuliko yote: makadirio ya umbali ambao gari lingeweza kwenda kwa mafuta yaliyobaki yalikuwa yameshuka kutoka kilomita 450 hadi 310 baada ya safari ya mjini isiyozidi kilomita 20, na akashuku kwamba tenki linavuja.

“Fundi, kioo hiki kikubwa nimekipekua chote,” alisema. “Sioni kitu ila redio na simu.”

Nilimuuliza, “Mama, ulikuwa unapekua gari likiwa limewashwa au limezimwa?”

“Limezimwa. Nabonyeza kitufe mara moja tu, redio inawaka, naanza kutafuta.”

Jibu hilo lilieleza zaidi ya nusu ya tatizo, na ni vyema tulikalie kidogo kabla ya kufika kwenye matairi na mafuta.

Skrini ipi inajua nini, na inajua lini

Katika magari mengi yanayowashwa kwa kitufe, kukibonyeza mara moja bila kukanyaga breki huliweka gari kwenye hatua ya kwanza ya umeme, ile ya kusikilizia redio. Kukibonyeza mara ya pili, bado bila breki, hulipeleka kwenye hatua ya pili, ambapo kompyuta zote za gari huamka ingawa injini haijapigwa stata. Kwa gari la ufunguo, hatua hizo mbili ni zile za kuuzungusha ufunguo kabla ya kufika kwenye stata. Tofauti kati ya hatua hizo ni kubwa. Kwenye hatua ya kwanza, skrini ya katikati inapata umeme, lakini mita za nyuma ya usukani hubaki gizani. Mwenye gari huyu alikuwa akitafuta taarifa zake wakati ambao skrini pekee yenye majibu ilikuwa imezima, na skrini iliyokuwa inawaka ilikuwa haina majibu hayo.

Alipokuwa barabarani hali iligeuka upande wa pili. Skrini ndogo ilikuwa hai, lakini kurasa za mipangilio hufungwa gari linapotembea ili dereva asiondoe macho barabarani, kwa hiyo alichokiona ni maandishi ya kijivu yasiyokubali kubonyezwa. Kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu, yaani gari limesimama, gia ya kuegesha imewekwa au breki ya mkono imevutwa, na umeme uko hatua ya pili. Hiyo ndiyo hali ambayo dereva anayetafuta taarifa anapaswa kuanza nayo, na yeye hakuwahi kuifikia. Tahadhari moja inahitajika: umeme wa hatua ya pili hunywa betri, kwa hiyo anayetaka kukaa na menyu kwa muda mrefu ni bora awashe injini akiwa mahali pa wazi penye hewa, badala ya kuja kukuta gari haliwaki.

Kuhusu skrini kubwa, watu huitegemea kwa sababu ya ukubwa wake, na nadhani watengenezaji wanastahili lawama kidogo kwa hilo. Kwa asili yake, skrini hiyo ni redio iliyokua. Kompyuta iliyo nyuma yake inashughulikia muziki, simu, ramani na kamera ya nyuma. Mwenye gari alikuwa amefika hadi kwenye ukurasa unaoeleza habari za mfumo, akakuta orodha ndefu ya matoleo ya programu na maelezo ya haki za matumizi, akakata tamaa. Habari zile zilikuwa za redio yenyewe, wala hazikuhusu injini, matairi au servisi.

Skrini ndogo ni sehemu ya kundi la mita, na kompyuta ya kundi hilo ndiyo inayotunza odometa, inayowasha taa za tahadhari na, katika gari hili, inayohesabu servisi. Kompyuta zote za gari, ikiwemo ya injini, ya breki na ya redio, hupeana habari kupitia nyaya za pamoja kwa utaratibu uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986 na ambao ulipewa kiwango cha kimataifa, ISO 11898, mwaka 1993. Kwa kuwa habari zinapita humo, hakuna sababu ya kiufundi inayozuia skrini ya katikati kuonyesha chochote ambacho skrini ndogo inakionyesha; ni uamuzi wa mtengenezaji tu. Tesla Model 3, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2017, lilitolewa bila mita zozote nyuma ya usukani, na kila kitu, hata mwendo, kinasomwa katikati. Magari mengine yanagawa: takwimu za safari ziko kwenye skrini zote mbili, na mipangilio ya taa na milango iko katikati chini ya alama ya gari. Kwa hiyo dereva asianze kwa kujiuliza skrini ipi ni kubwa. Ajiulize ni kompyuta ipi inayopima kitu anachokitafuta, kisha ajiulize kama kitu hicho kinapimwa kweli au kinakadiriwa tu. Swali hili la pili ndilo lililomaliza malalamiko yote matatu.

Kurasa za skrini ndogo

Tulianza kwa kubonyeza kitufe mara mbili bila breki na kutazama tu. Taa karibu zote za tahadhari huwaka kwa sekunde chache wakati huo, kwa sababu gari linathibitisha kwamba taa zenyewe ni nzima. Baada ya hapo nyingi huzimika, na taa za betri na za msukumo wa oili hubaki zikiwaka kwa kuwa injini haijazunguka. Zikiendelea kuwaka injini ikiwa inafanya kazi, hilo ni jambo zito. Rangi zinafuata mpangilio unaofanana karibu kila mahali: nyekundu inataka dereva asimame mara tu atakapopata mahali salama, njano inataka jambo lishughulikiwe bila kuahirishwa ovyo, kijani na bluu zinaarifu tu kwamba kitu fulani kimewashwa. Katika gari hili iliyobaki ilikuwa moja tu ya njano, ile yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao ndani yake.

Niligundua jambo dogo ambalo mwenye gari hakuwa amelitilia maanani. Taa hiyo iliwaka moja kwa moja, bila kupepesa. Ingekuwa imepepesa kwa takriban dakika moja kila gari linapowashwa kisha ikatulia, ingemaanisha kwamba mfumo wa kupima matairi wenyewe una hitilafu. Kutulia tangu mwanzo kuna maana tofauti: mfumo ni mzima, na unaamini kwamba upepo si sawa.

Upande wa kushoto wa usukani kuna vishale vya juu na chini na kitufe cha kukubali katikati. Katika magari mengine kazi hiyo hufanywa na kidude kilicho kwenye ncha ya mkono wa waipa, au kijiti kilichochomoza kwenye kioo cha mita. Kubonyeza kwa muda mfupi huhamisha ukurasa, na kubonyeza kwa kushikilia huingia ndani zaidi au hufuta takwimu. Kwa kutojua tofauti hiyo, dereva anaweza kufuta takwimu za safari ya miezi akidhani anafungua ukurasa. Kabla ya kugusa chochote nilipiga picha ya kila ukurasa kwa simu, na ningemshauri yeyote afanye hivyo hivyo.

Kurasa zilikuwa za safari ya kwanza na ya pili, yaani vihesabu viwili vya safari, za matumizi ya mafuta, ya hali ya gari, na mwisho kabisa ya ujumbe uliohifadhiwa. Ukurasa huo wa mwisho ndio ambao madereva wachache wanaufahamu. Gari linapotoa ujumbe na dereva akabonyeza kitufe cha kukubali, ujumbe huondoka usoni, lakini haufutiki. Unahamia kwenye orodha hiyo na kubaki humo mpaka chanzo chake kiondolewe. Mwenye gari alikuwa akibonyeza kukubali kila asubuhi na kudhani ujumbe umetoweka wenyewe. Kwenye orodha tulikuta ujumbe mbili tu, wa matairi na wa servisi. Hilo lilikuwa na faida yake, kwa maana lilituonyesha kwamba hakukuwa na jambo la tatu lililofichika.

Hapa inafaa kutaja mpaka wa skrini hizi. Taa ya injini ikiwaka, skrini kwa kawaida itasema tu kwamba injini ikaguliwe. Msimbo wenyewe wa hitilafu husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye soketi ya matundu 16, ambayo huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Soketi hiyo imekuwa ya lazima Marekani tangu magari ya mwaka 1996, na Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Taa ya injini ya gari hili haikuwa inawaka, kwa hiyo mashine haikuhitajika.

Servisi iliyofanyika bila gari kujua

Kwenye ukurasa wa hali ya gari, mstari wa servisi ulionyesha kilomita 1,240 zenye alama ya kutoa mbele yake. Alama hiyo ni nyembamba na ni rahisi kuiruka kwa macho, na mwenye gari alipoionyeshwa alisema kwamba hata kama angeufikia ukurasa huo angedhani zimebaki kilomita 1,240.

Kihesabu cha aina hii hakionji oili. Katika magari mengine kinapunguza kilomita na siku kutoka kiwango kilichopangwa. Katika mengine kinatumia pia mizunguko ya injini, joto na aina ya safari kukadiria uchakavu wa oili na kuuonyesha kwa asilimia. Kwa vyovyote vile ni hesabu, na kipo kama kalenda ya ukutani, ambayo inajua siku imefika lakini haijui kama kazi imefanyika. Fundi anayebadilisha oili ndiye anayepaswa kukirudisha mwanzo.

Kukirudisha mwanzo ni kazi ya sekunde chache, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ujumbe unaweza kuzimwa bila oili kuguswa. Kwa hiyo tulitafuta ushahidi kwanza. Odometa ilisoma 98,100. Ukiondoa 1,240 unapata 96,860, yaani kilomita ambazo servisi ilipaswa kufanyika. Karatasi ya muuzaji ilionyesha kwamba oili na chujio vilibadilishwa gari likiwa na kilomita 96,790. Namba hizo mbili zilitoka sehemu mbili zisizofahamiana, na zilikaribiana kwa kilomita 70 tu. Kijiti cha kupimia oili kilitoka na oili yenye rangi ya asali, ujazo ukiwa karibu na alama ya juu, na chujio lilionekana jipya kwa chini. Niliridhika kwamba muuzaji alisema kweli.

Tulikirudisha kihesabu mwanzo, kikaandika kilomita 15,000. Lakini kufanya hivyo kwa kuchelewa kuna athari yake: kihesabu sasa kitaita servisi kwenye kilomita 113,100, wakati oili iliyomo ilianza kazi kwenye 96,790 na inapaswa kumwagwa ifikapo 111,790. Tofauti ni kilomita 1,310. Gari hili halina njia ya kuingiza tarehe ya nyuma kutoka kwenye menyu ya dereva, kwa hiyo namba 111,790 iliandikwa kwenye kibandiko na kuwekwa ndani ya fremu ya mlango wa dereva. Teknolojia ya kalamu bado haijapitwa.

Mafuta yaliyoonekana kutoweka

Hofu ya tenki kuvuja iliondolewa kwanza kwa njia ya zamani: tulitazama chini ya gari, tukanusa, tukakagua mabomba. Palikuwa pakavu. Isitoshe, geji ya mafuta yenyewe ilikuwa imeshuka kidogo sana siku ile ambayo makadirio yaliporomoka, na jambo hilo lilitosha kuonyesha kwamba mafuta hayakwenda popote.

Geji ya mafuta inatokana na kipimo halisi. Ndani ya tenki kuna boya linalopanda na kushuka na mafuta, na mkono wake hubadilisha umeme unaosomwa na kompyuta. Si kipimo cha usahihi mkubwa, kwa kuwa gari likiegeshwa kwenye mteremko mafuta huegemea upande mmoja na boya huyumba, lakini kinapima kitu kilichopo. Umbali uliobaki ni kitu cha namna nyingine kabisa. Kompyuta inachukua lita inazodhani zimo na kuzigawanya kwa matumizi ya hivi karibuni, na matumizi hayo hubadilika kila dereva anapobadilisha barabara.

Tulichukua namba za gari hili na kuzipiga hesabu. Alipotoka kwenye safari ndefu ya barabara kuu, matumizi ya karibuni yalikuwa lita 6.2 kwa kila kilomita 100. Kwa lita 28 zilizokuwamo, hesabu inatoa kilomita 451. Kisha akaingia mjini, kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Katika kilomita 20 hizo alichoma lita mbili hivi, akabakiwa na lita 26, na wakati huohuo matumizi ya karibuni yalipanda hadi lita 8.4 kwa kilomita 100. Lita 26 kwa kiwango hicho zinatoa karibu kilomita 310. Hakuna kilichovuja. Kompyuta ilibadilisha maoni yake kuhusu kesho kwa kuitazama jana.

Kulikuwa na mkanganyiko mwingine ndani ya huo. Ukurasa wa matumizi ya mafuta una wastani zaidi ya mmoja, na mwenye gari alikuwa akiusoma ule unaoanza upya kila injini inapowashwa. Injini ikiwa baridi na gari likiwa limetembea mitaa michache tu, wastani huo unaweza kusoma lita 14 bila injini kuwa na ubaya wowote. Wastani wa safari ya pili, ambao haufutiki mpaka dereva aufute mwenyewe, ndio unaofaa kwa kuamua kama gari linakula mafuta kupita kiasi. Asomaye azingatie pia kipimo kilichotumika: kwa lita kwa kilomita 100, namba ndogo ndiyo njema, kwa kilomita kwa lita, kubwa ndiyo njema. Lita 7.2 kwa kilomita 100 ni sawa na kilomita 13.9 kwa lita, na mipangilio ya skrini humruhusu dereva kuchagua.

Hata wastani huo mrefu si wa kuaminiwa kikamilifu, kwa sababu kompyuta hukadiria mafuta kutokana na muda ambao nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye injini zinafunguka, bila kupima kinachoingia kwenye tenki. Nilimshauri ajaze tenki hadi pampu ikatike yenyewe, afute safari ya pili, aendeshe kama kawaida, kisha ajaze tena hadi pampu ikatike. Ilipofika kilomita 480 tenki lilipokea lita 34.6, yaani lita 7.2 kwa kilomita 100. Skrini ilikuwa imeandika 6.9. Tofauti ya asilimia nne si ya kushangaza, na tangu hapo anajua kwamba skrini yake inalisifia gari kidogo.

Wakati tukiwa kwenye suala la namba zisizolingana, aliuliza kwa nini ramani ya skrini kubwa ilisoma mwendo wa 93 wakati mita ilisoma 98. Hapo napo skrini mbili zinapima kwa njia mbili: ramani inatumia satelaiti, mita inahesabu mizunguko ya magurudumu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mita kusoma chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, kwa hiyo watengenezaji huiegemeza upande wa kuzidisha kwa makusudi. Mita yake ilikuwa ndani ya kanuni kwa mbali.

Namba za upepo ambazo hazikuwepo

Suala la matairi ndilo lililokuwa na mafunzo zaidi, kwa sababu alichokitafuta kwenye skrini hakikuwemo kabisa.

Alikuwa amewahi kuona, kwenye gari la jamaa yake, mchoro wa gari wenye namba nne za upepo, na akatarajia kuukuta kwake. Mchoro ule hutoka kwenye mfumo ambao kila gurudumu lina sensa ndani, kwa kawaida ikiwa imeshikamana na valvu, yenye betri yake na inayotuma kipimo kwa redio. Hata kwenye magari hayo, gari likiwa limeegeshwa muda mrefu skrini inaweza kuonyesha vistari badala ya namba, kwa kuwa sensa hulala ili kutunza betri na huamka gurudumu linapozunguka.

Gari la kisa hiki linatumia mfumo wa aina ya pili, ambao hauna sensa yoyote ndani ya tairi. Tulilijua hilo kwa sababu kwenye mipangilio ya gari kulikuwa na chaguo la kuhifadhi upepo wa matairi, bila ukurasa wowote wa namba. Mfumo huu unaazima sensa za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga, ambazo huhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungukiwa upepo linakaa chini kidogo, mzingo wake unapungua, na kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko mengine kwa umbali uleule. Kompyuta inalinganisha na kuwasha taa. Haijui upepo ni kiasi gani. Inajua tu kwamba hali imebadilika tangu mara ya mwisho ilipoambiwa kwamba kila kitu ni sawa.

Hapo ndipo taa yake iliponasa. Mmoja wa waliolishughulikia gari alijaza matairi lakini hakuhifadhi hali mpya, na katika gari hili taa haizimiki mpaka dereva aihifadhi.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kubonyeza. Nilimzuia, kwa sababu kitendo hicho kinaifundisha kompyuta kwamba upepo uliopo wakati huo ndio sahihi, hata kama tairi moja limelegea. Kipimo kilichukuliwa asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka ndani ya tairi huongeza takriban bar 0.1. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilitaka bar 2.3 mbele na 2.1 nyuma, nacho kipimo cha mkono kilisoma kwa psi, kwa hiyo tulihesabu: bar 1 ni psi 14.5, basi mbele ilihitajika psi 33 na nyuma 30. Matatu yalikuwa sawa. La nyuma kulia lilisoma psi 28, pungufu ndogo isiyotosha kuwasha taa, na tukaliongezea.

Baada ya hapo, gari likiwa limesimama na umeme ukiwa hatua ya pili, tulishikilia kitufe kwenye chaguo la kuhifadhi mpaka taa ikapepesa na kuzimika. Kuzimika huko hakumaanishi kwamba mfumo tayari unalinda. Unahitaji kwanza kujifunza upya gari likiwa kwenye mwendo, na muda huo hutofautiana kati ya gari na gari. Kuna udhaifu mwingine wa kufahamu: matairi yote manne yakipoteza upepo kwa kiasi kilekile, kulinganisha hakutoi kitu, na mfumo unaotegemea mizunguko peke yake unaweza kukaa kimya. Kipimo cha mkono cha mara kwa mara bado kinahitajika.

Ile psi mbili ya tairi la nyuma kulia niliiandika kwenye karatasi ya kazi, kwa kuwa matairi yote yalikuwa yamejazwa pamoja na halikuwa na sababu ya kuwa nyuma ya mwenzake. Wiki chache baadaye taa ikarudi. Safari hii mwenye gari hakupekua skrini kubwa. Alifungua orodha ya ujumbe, akaukuta mmoja tu, akapima matairi mwenyewe yakiwa baridi. Matatu yalisimama palepale tulipoyaacha. La nyuma kulia lilikuwa na bar 1.55, pungufu ya zaidi ya robo. Lilipotolewa na kutumbukizwa majini, mapovu yalitoka kando ya skrubu fupi iliyojificha kwenye kashata ya tairi. Pancha ilizibwa kwa ndani, upepo ukarudishwa bar 2.1, na hali mpya ikahifadhiwa baada ya kupimwa.